Tonge la Mama Mkwe

Muulize mtu yeyote wa jiji hili pa kula, atakutajia wapi nyama inalainika na wapi mchuzi unakufanya ulambe vidole. Ukimuuliza Mama Fundi, yule mshona nguo mwenye kibanda mkabala na posta, utapata jibu la aina nyingine. Atakwambia hoteli ya ghorofani usiingie, wanakaangia kila kitu kwenye karai moja. Kwa yule mwenye mkate wa moto nenda, ila mboga zake ziache. Penye viti vya kijani agiza samaki wa kuchoma, mkavu, kwa ndimu na chumvi tu, na usimame hapohapo umwone akigeuzwa. Utamu haumhusu. Yeye anatafuta kitu kimoja: karanga ziko wapi.

Binti yake wa pekee hawezi karanga. Si kwamba hazipendi, la, zinamuua. Alikuwa bado wa darasa la kwanza alipopewa biskuti kwenye sherehe ya jirani, na hata keki haijakatwa midomo ilishamvimba, koo limemziba, anatapatapa mikononi mwa mama yake. Daktari aliwahi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku ile Mama Fundi hakai mezani nje ya nyumba yake bila kwanza kupita jikoni. Yeye hawaulizi wahudumu. Mhudumu anakujibu unachotaka kusikia ili ukae uagize. Mpishi ndiye anayejua alichotia. Ameshafukuzwa kwa miiko, ameshaitwa mchawi, na wala hajali.

Sasa mtu mkali hivyo, ilikuwaje akakaa kimya mbele ya wakwe? Ilikuwa hivi. Mchumba wa kwanza wa binti alikuwa karani mmoja mwenye mashavu. Alipoelezwa habari ya karanga alitikisa kichwa kwa huruma, akaenda kwao, na kwao wakasema hawaoi mgonjwa. Hakurudi hata kuchukua mwavuli wake. Binti alilia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake hakulia. Alikasirika, na hasira hasara. Alipokuja huyu wa sasa, fundi umeme mpole mwenye mikono mirefu, Mama Fundi alimwita binti chumbani akamwambia, "Safari hii funga mdomo mpaka ndoa ipite. Kukulinda niachie mimi."

Na sasa mama wa kijana alikuwa amewaalika chakula cha mchana.

Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na watu wote walimwita Mwalimu, hata mwanawe akisahau. Mama Fundi alijaribu kumvuta kwenye viti vya kijani. Mwalimu alicheka kwenye simu. "Samaki mkavu, mama? Siku ya kukutana wakwe? Hapana, nimeshapata pahali, na chakula nimeshaagiza. Nyie mje na matumbo tu."

Chakula kilichokwisha kuagizwa na mtu mwingine! Usiku ule Mama Fundi hakufumba jicho. Asubuhi alishona mfuko wa suruali ya mteja ukafumbika mdomo.

Walikaa wanne kwenye meza ya duara karibu na dirisha, kitambaa cheupe, jagi la maji, sabuni na bakuli la kunawia. Mhudumu alimwekea kila mmoja sahani yake: wali, mboga za majani, kuku aliyezama kwenye mchuzi mzito wa rangi ya udongo. Mama Fundi aliutazama ule uzito. Kitu gani hufanya mchuzi uwe mzito hivyo? Aliinama kama anayeweka leso sawa, akanusa. Pilipili, kitunguu, moshi wa jikoni. Binti alimwangalia kwa jicho la kuomba, akaanza kuchezea majani ya mboga.

"Kuleni, kuleni," alisema Mwalimu. "Mkwe, mbona unadonoadonoa kama ndege?"

"Bado kina moto, mama," binti alijibu.

Kijana alitaka kusema neno, akamtazama mama yake, akalimeza. Mama Fundi aliliona hilo, ila hakuwa na nafasi ya kulifikiria. Akasimama. "Samahanini, natafuta msalani."

Hakwenda msalani. Alisukuma mlango wa jikoni, akamkuta mpishi, pande la mtu, amejifunga taulo kichwani.

"Kaka, ule mchuzi wa kuku umetia nini?"

"Karanga, mama. Nazisaga mwenyewe. Ndiyo sifa ya hapa."

Mama Fundi alishika ukingo wa meza.

"Ila kama unamuulizia yule binti wa dirishani, ondoa shaka," mpishi aliendelea huku akigeuza sufuria. "Wake nimepika pembeni, sufuria yake, mwiko wake, nimeuzitisha kwa viazi. Kuna kijana alikuja jana akanisimamia kama askari. Kaniambia nikikosea nimemuulia mke. Halafu akaniomba nisimwambie mama yake."

Mama Fundi alimtazama yule mpishi kana kwamba anamwona malaika na taulo lake. Kumbe kijana anajua! Kumbe binti alimwambia, yeye na ubishi wake, na kijana hakukimbia. Alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia mtu, na kwa mara ya kwanza tangu ile sherehe ya jirani alijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo na mwenzake. Akarudi ukumbini taratibu, anatabasamu peke yake.

Kutoka mlangoni aliwaona. Mwalimu alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti. Alikuwa amefinyanga tonge la wali, amelichovya kwenye mchuzi wa sahani yake mwenyewe, akaliwekea kipande cha nyama juu, na mkono wake wa kulia ulikuwa unavuka meza.

"Mwanangu hajui kubembeleza," alikuwa akisema. "Njoo nikulishe mwenyewe. Kwetu anayependwa halishwi kwa kijiko."

Binti alikuwa amerudi nyuma hadi mgongo umegusa kiti. Kijana alikuwa amesimama, "Mama, ngoja, mama," lakini kwa sauti ile ya mtoto aliyezoea kunyamazishwa. Na binti, aliyefundishwa na mama yake kufunga mdomo, aliona mkono wa mama mkwe uko mbele ya uso wake, aibu ikamshinda, akafumbua midomo.

Mama Fundi hakukumbuka baadaye alivyofika. Alikumbuka kiti kilichoanguka na ukelele uliomtoka. Aliupiga ule mkono kwa nguvu zake zote. Tonge likaruka, jagi likapinduka.

"Tema! Tema!"

Binti alitema. Lakini mchuzi ulikuwa umeshamgusa, umempaka mdomo wa chini, na alipojifuta kwa leso ule mdomo ulikuwa tayari unaumuka. Akashika koo. Alianza kuvuta pumzi kwa mlio.

Mama Fundi alipekua mkoba wake, akatoa ile sindano ya dawa ya kufungua pumzi asiyoiacha nyumbani. Wakati huohuo kijana alichomoa nyingine mfukoni mwa koti, mpya, bado ina karatasi ya duka la dawa. Walitazamana, sindano mbili juu ya kitambaa kilicholowa. Kijana ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga magoti akamchoma pajani, na mikono yake mirefu haikutetemeka.

Mwalimu alibaki amesimama na mkono hewani.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Kijana aliingia ndani na mchumba wake, na wale mama wawili wakaachwa kwenye benchi la korido, mbele ya mlango uliofungwa. Kila mlango ule ulipopitisha sauti Mama Fundi alishtuka. Alikuwa akiomba bila maneno, anarudia jina la mwanawe tu. Mwalimu alikaa ameweka mikono mapajani, viganja juu. Mchuzi ulikuwa umemkaukia vidoleni.

"Wewe ulikuwa na sindano," alisema mwishowe. "Mwanangu alikuwa na sindano. Mpishi alijua. Mpishi! Mimi niliyeshika tonge ndiye ambaye sikuambiwa."

"Mimi ndiye niliyemkataza binti asiseme, Mwalimu. Tuliogopa utamkataa."

Mama Fundi alitegemea Mwalimu aape kwamba asingemkataa, kama watu wanavyoapa.

"Labda ningemkataa," Mwalimu alisema. "Mimi najijua. Ningesema mwanangu asioe maradhi. Mngenichukia, na ingekuwa haki yenu. Lakini binti angekuwa kwako nyumbani, mzima, anapumua." Alivitazama vidole vyake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua, nimewaambia hivyo watoto wa watu miaka yote. Leo kifo kilikuwa mkononi mwangu, mama, na nilidhani ni mapenzi."

Miaka yote Mama Fundi aliziogopa karanga, na kumbe hofu iliyomfungua mwanawe mdomo leo aliipika yeye mwenyewe nyumbani.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi akasema, "Anapumua vizuri. Atakaa hapa mpaka jioni tumwangalie. Mnaweza kuingia."

Mama Fundi aliruka kama aliyechomwa. Mwalimu hakuinuka.

"Mbona huji?"

"Nitamgusaje?" Mwalimu alinyoosha vile vidole vyenye mchuzi, macho yamemtoka kwa woga. "Nikimshika mkono si nitamuua tena?"

Palikuwa na karo mwisho wa korido. Mama Fundi alimshika kiwiko, akamwinua, akampeleka hadi pale na kufungua bomba.

"Sabuni nyingi," alisema. "Na chini ya kucha."

Mwalimu aliitoa mikono yake yote miwili, akaacha aoshwe.