Kengele ya Mpishi

Kufikia saa saba Jumamosi ile, Hezekia mpishi alikuwa ameoka mikate, amepiga pasi kaptula sita na kuchemsha maji ya kuoga mara mbili. Hapo hatujahesabu kengele. Waya ulitoka barazani kwa bwana, mzungu mwenye shamba, ukapita kwenye miti ya miwati, ukaishia ndani ya kibanda cha Hezekia, juu ya kitanda chake, penye kengele ya shaba. Bwana akitaka chai, kengele. Akidondosha gazeti akaona uvivu kuinama, kengele. Miaka minne Hezekia aliruka kama panzi, na wenzake pale shambani, karibu na Makambako, walimcheka, naye akacheka nao. Angefanyaje?

Jumanne ya wiki ile mkewe, Fidelia, alijifungua mtoto wa kike, wa kwanza katika ndoa ya miaka sita. Mama mkwe, Tabea, akaja kwa miguu kutoka Kitandililo kumwangalia mzazi. Na mkwe ni mkwe: nyumba anayolala mama mkwe, mume wa binti haingii, hata inyeshe mvua ya mawe. Hezekia akahamia kwa Lukas wa bustanini, akimwona mwanawe kwa mbali tu, na bado furaha ilimjaa tele.

Karatasi ya mkataba ilisema Jumamosi kazi mwisho saa saba. Saa saba ilikuwa imepita, naye Hezekia alikuwa kwa Lukas akimenya viazi vya kuchemsha, kengele ilipolia kule kibandani. Ikalia tena. Mtoto akaamka na kilio. Kisha kimya: Tabea alikuwa ameiviringishia kengele kilemba chake.

Haukupita muda bwana akashuka mwenyewe, uso mwekundu. Njia ile hakuwahi kuikanyaga.

"Wewe Hezekia, kengele napiga, hapana sikia?"

"Imefungwa, bwana."

"Ingia, fungua."

"Siwezi. Mama mkwe yumo."

"Hapana ingia, hapana kazi."

Hezekia aliogopa. Kibanda kilikuwa cha bwana, na mtoto wa siku nne angelazwa wapi katika baridi ya Juni? Lakini alipofungua kinywa, maneno yalitoka yenyewe, tena kwa upole.

"Ukinifukuza, sawa, bwana. Humo siingii. Na Jumamosi kazi yangu ni mpaka saa saba. Mikate ipo kabatini. Jumatatu saa kumi na mbili utanikuta jikoni."

Tabea, mlangoni pa kibanda, akamwuliza Lukas kwa Kibena mzungu anataka nini. Lukas akamweleza.

"Mwambie aingie yeye," akasema Tabea. "Yeye si mkwe wangu."

Lukas akayatafsiri huku akiuma midomo. Bwana akawatazama mmoja mmoja, akainama, akaingia. Wakamsikia akijigonga kichwa, akikohoa moshi, na Fidelia akimwamkia kwa adabu. Akatoka machozi yakimtiririka, kengele mkononi, waya ukiburutwa nyuma.

"Watu ngapi nalala humo?"

"Watatu, bwana. Mimi nimejihifadhi kwa Lukas."

Bwana akauviringa waya kwenye kengele.

"Jumatatu," akasema. "Saa kumi na mbili."

"Ndiyo, bwana."

Alipokwisha kupotea kwenye miwati, Tabea alimkabidhi Lukas mtoto, naye akampelekea baba yake. Hezekia alimpakata kwa mara ya kwanza.

Saa kumi moshi mweusi ukapanda kutoka jikoni kwa bwana, moshi wa mtu asiyejua tofauti ya kuni mbichi na kavu. Bwana alikuwa akijichemshia chai. Kambi nzima ya wafanyakazi ikatoka nje kutazama, na Hezekia alicheka mpaka mtoto akamcheulia shati.