Mkate, Chumvi na Kicheko

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe 11 Mei 1984, katika ukumbi wa utamaduni wa Dolna Krusha, pale Stoyna, mke wa Dobri, alipopanda jukwaani na mkate wa mgeni na kibakuli cha chumvi.

Mgeni mwenyewe alikuwa Lyuben Karakashev, mchekeshaji wa akodioni, kinanda cha kuvuta kifuani, aliyekuja kurekodi santuri mbele ya watu. Wakubwa wa mji walitaka apokewe na mwanamke mzuri aliyevaa vazi la kikwao. Uzuri Stoyna alikuwa nao. Kigugumizi pia, na hao wakubwa walikijua. Alimwomba mwenyekiti wao amtafute mwingine, akajibiwa kwamba maneno ni mawili tu, karibu sana, hata kasuku angeyaweza.

Alikwama kwenye la kwanza. Karakashev, badala ya kumega mkate, achovye chumvi, ale kama mgeni mwenye adabu, aliivuta akodioni akawa anamfuatiza, ka-ka-ka, mpaka watu wakashika mbavu. Kipande kile kikawekwa mwanzo wa santuri. Nchi nzima ikakicheza harusini.

Tangu hapo Stoyna alinunua nyama kwa kunyoosha kidole. Nyumbani alizungumza na Dobri bomba likiwa wazi, maji yafunike sauti. Majira ya baridi yaliyopita daktari alimuuliza anaumwa wapi, Stoyna akamtazama tu, na daktari akamwandikia dawa ya tumbo. Kumbe ni moyo. Siku ya tatu Dobri akabandika tangazo la msiba mlangoni.

Sasa santuri inatimiza miaka arobaini, na manispaa ikatangaza sherehe. Dobri alikwenda kwa meya, mama Valchanova, akamwomba jambo moja tu: kipande cha Stoyna kisipigwe. Mwacheni apumzike.

"Mzee Dobri, ule ni urithi wetu," meya akamwambia. "Bila mkeo nani angeijua Dolna Krusha?"

Lakini akaapa kwa uhai wa mama yake kwamba hakitapigwa. Dobri akamwamini. Mtu ameonewa na serikali mbili, ya zamani na ya sasa, bado anaamini kiapo cha ofisini.

Na kweli hakikupigwa. Kiliigizwa. Karakashev aliletwa jukwaani kwenye kiti cha magurudumu, na msichana wa sekondari akatoka na mkate, kavaa vazi lilelile, akasimama, akalegeza mdomo.

"Ka-ka-ka-karibu."

Ukumbi ulipasuka. Meya alifuta machozi ya kicheko. Karakashev akainua mkono, akataka kushukuru, na kikamtoka kitu kama mbuzi aliyekabwa: a-a-a. Kiharusi kilikuwa kimemla ulimi, ila watu hawakuambiwa. Wakadhani ni utani wake wa zamani, wakazidi kucheka, na kadiri alivyohangaika ndivyo walivyopiga makofi. Mate yakamtiririka kidevuni. Dobri alimtazama vizuri, moyo ukamwambia: bado, ongezeni.

Kisha akasimama.

"Kaa chini, babu, unatuziba," mtu akamwambia kutoka nyuma. Mwingine akauliza kama naye amekuja kuigiza.

Hakukaa. Akawaambia santuri ile anayo, na miaka yote hii ameisikiliza Stoyna akiwa bustanini. Alichokisikia hakuna aliyewahi kukitaja. Stoyna anakwama, ukumbi kimya, huyu kiwete hajagusa hata kitufe cha akodioni. Halafu kinatoka kicheko kimoja cha mwanamume, karibu kabisa na jukwaa, safu ya kwanza, mlikokaa ninyi wakubwa. Baada ya hapo ndipo akodioni inaanza.

Safu ya kwanza bado ilikuwa yao, wazee watano wenye nishani, na mwenyekiti wa zamani katikati. Wote waliinamia viatu vyao. Meya akamwashiria fundi azime taa za ukumbini, na Dobri akauliza gizani:

"Mmoja wenu alimcheka mke wangu kabla hata mchekeshaji hajaanza. Ni nani?"