Sura ya Saba Imepotea

Asubuhi Muinde, mhudumu wa maktaba ya mji wa Voi, alifungua madirisha, akapangusa vumbi jekundu mezani na kuyatia magazeti kwenye vijiti vya kuyashikia. Wazee wa magazeti walikuwa wameshafika. Wawili waling'ang'ania ukurasa wa vifo kama kawaida yao, maana kila mmoja hupenda kuwa wa kwanza kujua nani hayupo. Wanafunzi wa kidato cha nne waliingia na vitabu vyao wenyewe, kwani walichofuata ni kiti, utulivu na soketi ya kuchajia simu. Maktaba haimuulizi mtu alichofuata.

Bi Mwanatumu, mkutubi, hakuwa na raha. Nyuma ya jengo, kwenye kiwanja ambacho watoto walisomewa hadithi kila Jumamosi, ukuta wa mawe ulikuwa umesimama, kiwanja kikabaki ng'ambo. Ng'ambo ya ukuta magari yalioshwa kwa maji tele, na ng'ambo hii bomba la maktaba lilikohoa hewa tupu. Watoto sasa walisomewa kwenye kichochoro kati ya ukuta na choo, magoti yakigusana. Bi Mwanatumu alikuwa amewaahidi kwamba kiwanja chao kitarudi. Mtu mzima akimwahidi mtu mzima mwenzake, wote wawili husahau. Watoto hawasahau, nao walimuuliza kila Jumamosi.

Kwamba kiwanja ni cha watoto halikuwa jambo la siri. Voi nzima ilijua. Lilikuwa limeandikwa hata kwenye kitabu cha historia ya maktaba, nakala moja tu, sura ya saba. Lakini siku msingi wa ukuta ulipochimbwa, mtu aliingia maktabani, akasalimia vizuri, akaikata sura ya saba kwa wembe, akaenda zake. Kazi ilikuwa safi mpaka Muinde akaisifu, akanyamazishwa.

Bi Mwanatumu akabandika tangazo mlangoni: SURA YA SABA IMEPOTEA. ALIYEIONA TAFADHALI AIREJESHE MAKTABANI.

Watu wa Voi husoma matangazo kwa makini, ila kila mtu husoma kwa Kiswahili alichotoka nacho kwao. Sylus, mwendesha bodaboda ambaye hupeleka sanduku la vitabu vya maktaba mpaka Kishushe, alilisoma bila kuzima pikipiki. Akaelewa kwamba uso wa mtu umepotea, na kwamba ni wa saba, kwa hiyo sita zilishapatikana. Alisikitika, akaahidi kuangaliaangalia.

Siku ya pili adhuhuri alirudi na abiria.

"Madam, ile sura yenu nimeipata," alisema. "Ilikuwa stesheni, imekaa tu kwa benchi."

"Sylus mwanangu, mimi natafuta sura ya kitabu."

"Si ndiyo hii? Nimeiuliza, ikakubali."

Abiria alikuwa mtu mwembamba aliyepauka, mwenye harufu ya kabati la zamani. Ubavuni pa shati lake palikuwa na mstari wa matundu madogo, kama uzi umechomolewa. Alisimama mbele ya meza, akakohoa, akaanza bila hata salamu:

"Na kwa hiyo akina mama wa sokoni na wafanyakazi wa reli wakakubaliana kwamba watoto nao wapate mahali pao."

Bi Mwanatumu akakiteremsha kitabu, akafungua mwisho wa sura ya sita. Mwandishi wake hakuwa mtu wa nukta. Ilikuwa imeishia hivi: *Jengo lilipokwisha watu walitazamana,*

Ikaungana bila kuacha mwanya.

"Ndiyo yenyewe," Bi Mwanatumu alisema. "Muinde, lete mhuri."

Kila kitu cha kusomwa hupigwa mhuri wa maktaba, basi Sura ya Saba akapigwa kiganjani. Ubishi ulikuja baadaye, kuhusu chai.

"Madam, huyu ni mtu," alisema Muinde. "Anataka chai."

"Muinde, sura ni ngeli ya i na zi. Sura imeketi."

"Sawa. Imeketi, na inataka chai."

Bi Mwanatumu, aliyelelewa na watu wa pwani wasiochezea ngeli, akaitilia sukari mbili.

Habari zikaenea mjini, na watu wakaja kumsoma. Alikaa karibu na dirisha, na aliyetaka alivuta kiti. Alisimulia jinsi wanawake wa Sagalla, wakishuka kwenda sokoni, walivyobeba jiwe moja moja juu ya mizigo yao, na maktaba ikainuka kwa mawe hayo. Alisimulia jinsi vitabu vya kwanza vilivyokaa kwenye kreti za nyanya, na mpaka leo ukiingiza pua ndani ya kamusi kubwa utadhani uko jikoni. Bibi mmoja mfupi alisikia jina la mama yake, akacheka mpaka akatoa leso. Kisha Sura ya Saba hufikia kiwanja: kutoka mwarobaini, kwenda mashariki, hadi kipande cha reli kilichosimikwa na wafanyakazi wa reli kiwe kona. Mtu akibisha na kudai ushahidi, yeye huinama kutazama viatu vyake, kwa sababu tanbihi zake zilikuwa chini, halafu huinuka na kutaja nani alikuwepo. Aliyemuuliza nauli ya kwenda Mwatate alijibiwa kwamba hilo liko sura ya nane.

Watu wa Kishushe nao wakaagiza apelekwe kwao. Kitabu cha historia kilikuwa cha kusomwa humo humo maktabani, lakini kanuni zilisema kitabu, hazikutaja sura. Akapanda nyuma ya Sylus, sanduku mapajani. Alirudi amechelewa, ana doa la mchuzi kifuani, na ncha moja ya kola imekunjwa, kama wanavyofanya wasomaji wasio na adabu wakitaka kukumbuka walipofika. Bi Mwanatumu aliikunjua kwa kidole, akigomba.

Mwishowe akampeleka kwenye ofisi inayohusika na viwanja. Afisa alikuwa mtu mkunjufu. Aliwaagizia soda, akamsikiliza Sura ya Saba mwanzo hadi mwisho, akacheka pale pa kuchekesha, na penye kreti za nyanya akaita wenzake wa chumba cha pili waje wasikie.

"Vizuri sana," alisema. "Sasa, huu ni ushahidi wa mdomo ama wa maandishi?"

"Wa maandishi," Bi Mwanatumu alijibu.

"Maandishi gani yanakunywa soda?"

"Basi wa mdomo."

"Mdomo gani umepigwa mhuri? Mama, kama ni mtu, hayo ni maneno ya mtu. Kama ni karatasi, imetolewa kitabuni mwake, haifai." Akawasindikiza hadi mlangoni, akawapa mkono wote wawili, kwa heshima kabisa.

Bi Mwanatumu alitembea haraka njia nzima. Aliona aibu, na aliona uchungu, na zaidi ya yote aliiogopa Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Watoto walijipanga kichochoroni, magoti yakigusana, wakamtazama.

"Kiwanja hakijarudi," aliwaambia. "Nilijaribu, wanangu. Hakijarudi."

Mmoja wao, Wakesho, anayekaa mbele kila mara kwa sababu ya miwani, akauliza, "Na ile sura?"

"Amerudi," alisema Bi Mwanatumu. Muinde alisikia ile ngeli, akajifanya anafagia.

Sura ya Saba akasimama chini ya mwarobaini ulio mwanzoni mwa kichochoro na kuanza kusema, na kadiri alivyosema ndivyo alivyotembea, kwa maana maneno yake yalikuwa ya njia ile. Watoto wakamfuata. "Kutoka mwarobaini," alisema, "kwenda mashariki, hadi..." Pua yake ikagusa ukuta. Hapo akakwama, mdomo wazi, kwa kuwa sentensi ilikuwa ng'ambo.

Wakamngoja. Kisha wakakumbuka kwamba wameshamsikia tangu alipokuja, na kwamba wanajua kilichobaki.

"HADI KIPANDE CHA RELI!" wakapiga kelele wote kwa pamoja. Wazee wa magazeti waliruka vitini, na hakuna aliyewaambia watoto hao kwamba hii ni maktaba.

Ng'ambo ya ukuta maji yalinyamaza. Sauti ya kijana wa kuosha magari ikapanda juu ya mawe.

"Kiko hapa!" ilisema. "Tunaanikia matambara!"

Watoto wakashangilia. Bi Mwanatumu akacheka na machozi yakamtoka, vyote kwa wakati mmoja, akaufuta uso kwa mtandio wake. Tangu siku hiyo kila Jumamosi Sura ya Saba na watoto hutembea hivyo, kutoka mwarobaini hadi ukutani, na kila Jumamosi huuliza kama kipande cha reli kiko, na kijana hujibu kwamba kiko. Halafu maji hufunguliwa tena, na watoto hurudi kichochoroni kusomewa.