Nduru Iliyokataa Kufa

Mdogo wangu Nthiga alianguka somo moja tu katika chuo cha uhandisi kule Nairobi, na somo lenyewe nikikutajia utacheka. Liliitwa mifumo mstari na ishara. Mimi Rwamba niliachishwa shule darasa la nne ili yeye aendelee, kwa hiyo niliona nina haki ya kujua ni kitu gani hicho kilichomwangusha. Alipokuja likizo nikamkalisha jikoni, nikamwambia haya, sema.

"Dada, ni rahisi," akasema. Walioanguka mitihani ndivyo wasemavyo. "Mfumo ni kitu chochote unachokipa kishindo, nacho kikakupa jibu. Ukiwa wa mstari, ukiupa kishindo kimoja unapata jibu moja. Ukiupa viwili unapata mawili. Na kama ni mfumo mtulivu, ukiuacha bila kuuchokoza, jibu linafifia polepole mpaka linakufa."

"Kama mahindi? Kikombe kimoja cha mahindi sahani moja, vikombe viwili sahani mbili?"

"Hapo umepata!"

"Ngai wangu! Miaka miwili umekula chakula cha watu ili ujue hilo, na bado ukaanguka?"

Alininunia mpaka jioni. Lakini ndani yangu nilikuwa na wasiwasi, maana chuo kilikuwa kimempa nafasi ya kurudia mtihani huo mara moja tu, Jumatatu saa tatu asubuhi. Asipokuwa kwenye kiti chake saa hiyo, jina lake linafutwa na yeye anarudi kulima kama sisi wengine. Darasa langu la nne lingekuwa limekwenda bure.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, na Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya Wazungu ilikuwa bado imetukalia shingoni. Tulikuwa tumeondolewa mashambani kwetu tukarundikwa kijijini, si mbali na Karurumo, vibanda vimepangwa mstari mmoja kama meno, na handaki lenye vijiti vilivyochongwa limetuzunguka pande zote. Juu yetu kulikuwa na mnara wa homugadi, askari wa kijiji waliowekwa na serikali. Kwenda Nairobi bila pasi ulikuwa unajitafutia kambi ya kifungo ya Manyani, ambako baba yetu alikuwa tayari, na pasi haikuwa pasi mpaka hedimani Kivuti, mkuu wa kijiji, aipige mhuri. Sasa fikiria mwenyewe, mtoto wa mfungwa wa Manyani kumwomba Kivuti mhuri.

Tulikwenda pamoja. Kivuti alikuwa amevaa koti la jeshi juani, jasho linamtiririka, na hakuwa tayari kulivua kwa lolote.

"Wewe ndiye msomi wa ishara?" akamuuliza Nthiga.

"Ndiyo, mzee." Hakutaja kuanguka. Nami nani alinituma nimtajie?

"Basi nisikilize. Ijumaa D.O., bwana mkubwa wa tarafa, anakuja kukagua posti zetu za ulinzi. Ziko tano kwenye vilima hivi, na kila moja inaishi kivyake. Mwezi jana ng'ombe alitumbukia handakini posti ya tatu, posti ya nne wakasikia habari kanisani Jumapili. Je, wangekuwa ni watu wa msituni? Nitengenezee ishara za kuunganisha posti zote. D.O. akiridhika Ijumaa, Jumamosi unapanda basi. Asiporidhika..." Akautia mhuri mfukoni mwa koti.

Nthiga alitoka pale uso umemng'aa kama aliyepakwa mafuta. Aliniambia njia nzima kwamba huo ndio mtihani wake hasa, kwamba Mungu amemletea marudio ya bure kabla ya marudio. Nilimwambia apunguze mdomo, lakini na mimi nilikuwa nafurahi, kwa nini nidanganye?

Akatandaza waya ukingoni mwa handaki, akaufunga makopo matupu ili ukiguswa yalie. Katika kila posti akaning'iniza kipande cha chuma cha reli na nyundo yake. Sheria zake zilikuwa mbili. Ukisikia posti jirani imegonga, gonga kama ulivyosikia, usiongeze wala usipunguze. Na mlio ulioanza kwako, ukizunguka vilima vyote na kukurudia, nyamaza, ufie hapo.

Homugadi wa posti yetu alikuwa Ngari, kijana mwenye mikono mikubwa na moyo wa kuku.

"Na kama uliorudi si wangu?" akauliza Ngari. "Kama ni mwingine mpya?"

"Utakuwa ni uleule, Ngari. Umetoka kwako, umerudi kwako."

"Na hedimani akiniona nimenyamaza chuma kinalia?"

Nthiga akacheka. "Atakuwa anaujua mpango."

Ngari hakucheka. Alikitazama kile chuma cha reli, kisha akaenda zake.

Jumatano walijaribu. Siku hiyo Kivuti alikuwa mkutanoni Runyenjes, na sisi kijiji kizima tulikuwa mlimani kwenye kazi ya lazima, tukichimba matuta. Nilisikia huku nimeinama na jembe. Chuma kikalia mara moja kwetu, kikajibiwa kilima cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano, kikarudi, kikanyamaza. Jamani, kilikuwa kitu kizuri! Niliporudi nilimkuta Nthiga anacheza peke yake uani. "Mtulivu, dada! Mfumo mtulivu! Mlio umekufa wenyewe!" Usiku ule alilala bila kushika kitabu.

Ijumaa Kivuti aliamuru kusiwe na kazi ya lazima. Kila mtu asimame mbele ya kibanda chake, amenawa uso, ili D.O. aone raia watiifu. Vijiji vya vilima vile vingine vikaamriwa hivyo hivyo. Nthiga alivaa koti lake la chuo. Hakufikiri lolote kuhusu sisi kusimama pale. Katika hesabu zake kulikuwa na waya, makopo, vyuma vitano na homugadi watano, na sisi tulikuwa watazamaji.

D.O. akaja na Land Rover yake, Mzungu mrefu mwekundu wa shingo. Nthiga akaanza kumweleza kwa Kiingereza, na D.O. akawa anaitikia kwa kichwa. Ilibaki kidogo tu Nthiga auguse waya mwenyewe, afunge mjadala.

Kuku wa jirani yetu Gacheri alimtangulia. Alikuwa akifuata mdudu, akajikwaa kwenye waya, makopo yakalia. Ngari akashtuka, akagonga chuma mara moja. Kilima cha pili wakagonga mara moja. Cha tatu, mara moja. Mpaka hapo palikuwa pazuri, hata D.O. aliinua nyusi.

Halafu mama mzee mmoja katika mstari wetu akapiga nduru.

Sasa hapa nieleze, kwa wale waliozaliwa juzi. Kwetu nduru si kitu cha kusikiliza. Tangu enzi za mababu, ukisikia nduru unaipokea, unaipiga wewe pia ili wa mbali zaidi asikie, na unakimbilia kule ilikotoka. Asiyepokea ataulizwa kesho mdomoni mwake mlikuwa na nini. Na wakati wa Hali ya Hatari homugadi hawakungoja kesho. Aliyenyamaza wakati wa hatari alihesabiwa mwenzao watu wa msituni waliopigana na serikali, anawalisha, anajua kitu. Tuliwaona wanyamavu wawili watatu wakipakiwa kwenye lori.

Kwa hiyo yule mama alipopiga, Gacheri akapokea. Mwenye kibanda cha pili akapokea, wa tatu, mstari mzima. Kilima cha pili wakatusikia, wakapokea, nao mstari mzima. Homugadi wa kule, waliokuwa wameambiwa wagonge kama walivyosikia, wangegonga mara ngapi sasa? Waligonga mpaka nyundo zikawatoka mikononi. Kishindo kikazunguka vilima vyote kikaturudia kikiwa kimenenepa.

Ngari akamtazama Nthiga. Nthiga akamwashiria anyamaze, mlio ufie hapo, ndio mpango. Ngari akamtazama Kivuti. Kivuti alikuwa anamtazama yeye. Ngari akaigonga ile reli kama anaua nyoka.

Mlio ukaenda tena mzunguko wa pili. Mtu mmoja posti ya nne akapiga risasi hewani, wengine wakamjibu. Mbuzi walikata kamba. Mimi nilimwona mdogo wangu anakimbia kando ya mstari, mikono juu, anapiga kelele, "Nyamazeni! Mkinyamaza mlio utakufa! Yeyote mmoja anyamaze!" Alisema kweli. Kila mtu alijua hakuna adui, tulimwona yule kuku kwa macho yetu. Lakini Kivuti alikuwa anatembea polepole mbele yetu, akitazama midomo, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwangu nilipiga nduru mpaka koo likanichubuka. Na leo ningepiga tena, usinitazame hivyo.

Kivuti akafika mwisho wa mstari. Katika kijiji kizima ulikuwa umebaki mdomo mmoja uliofungwa, na ulikuwa wa mtoto wa mfungwa wa Manyani. Akasimama mbele yake. Nthiga alimtazama, akanitazama mimi, akatazama vyuma vyake. Kisha akafungua mdomo akapiga nduru, na koti lake la chuo, na kalamu zake mfukoni.

Vilima vilinyamaza sauti zilipotukauka, wala si kwa mpango wowote.

D.O. alikuwa ameketi juu ya Land Rover, shingo imezidi kuwa nyekundu. Nikasema tumekwisha. Akashuka, akamshika Nthiga mkono, akautikisa kama anachota maji kwa pampu. Alisema kwa Kiswahili chake kwamba tangu aje nchi hii hajapata kuona raia watiifu namna hii. Vijiji vitano! Kwa kuku mmoja!

Na hapo mdogo wangu, ambaye alipaswa kusema asante bwana na kunyoosha mkono kuomba pasi, akasema ukweli. "Bwana, mfumo umeharibika. Mfumo ukipewa kishindo cha kuku ukatoa jibu la vijiji vitano, na usitake kufa, huo si mfumo mzuri. Kuna nguvu inayoingia ndani yake ambayo mimi sikuihesabu. Hawa hawapigi kwa sababu ya ishara. Wanapiga kwa sababu wanaogopa."

D.O. akacheka sana. Akamwambia Kivuti kwamba kijana huyu ni mnyenyekevu, wasomi wengine wana majivuno. Kisha akatoa amri. Nthiga asiondoke. Aanze Jumatatu kuweka ishara zile katika tarafa nzima, ashuke mpaka Umbeere, kote, hadi Hali ya Hatari itakapoisha. Mtihani? Mitihani ipo kila mwaka, akasema, akapanda gari lake.

Mimi nilimfuata Kivuti mpaka mlangoni kwake. Sikujali tena. "Mzee, ulimwahidi pasi! D.O. akiridhika, ulisema!"

"Ameridhika mno," akasema Kivuti. Uso wake ulikuwa na huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonikasirisha zaidi. "Angeridhika kidogo, ningempa. Nimtoe vipi sasa mtu ambaye D.O. anamtaka?"

"Na kama angeharibu?"

"Angeharibu ningemfunga."

Niambie wewe mwenye akili, ilimpasa afanye nini? Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, nikapiga sufuria teke. Nthiga aliokota ile sufuria akaiosha. Jumamosi basi la Nairobi lilipita Karurumo na tulilisikia likipanda mlima.

Jumatatu asubuhi walimpa cheo na kofia. Alisimama chini ya mnara akimsubiri Kivuti amwonyeshe pa kuanzia, huku akitazama saa yake ya mkononi kila mara. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kazi ya lazima, jembe begani, karibu naye kabisa. Ilipofika saa tatu alisema kwa sauti ndogo, "Sasa wanagawa karatasi." Nikamwambia kofia imepinda, aiweke sawa.

Hapo kuku wa Gacheri akapita kwenye waya. Makopo yakalia, na Ngari akanyakua nyundo. Kivuti alikuwa bado ndani, mlango umefungwa, hakuna aliyekuwa akitazama mdomo wa mtu. Nikageuka kumwambia Nthiga, ona, nafasi yako hiyo, leo tukinyamaza mlio utakufa.

Alikuwa tayari amekipasua kile kijiji kwa nduru, wa kwanza kati yetu sote.