Kiraka Kilichokataa Kushika

Kampuni ile ya bima ya afya ilikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ni idhini. Ukitaka balbu ibadilishwe chooni, wakuu watatu waidhinishe. Ukitaka kiti kihamishwe kutoka chumba hiki kwenda kile, wakuu watatu. Mmoja wao akiwa safarini, basi kaa gizani umsubiri. Wenyewe hawakuona aibu hata kidogo. Waliuita utaratibu, na waliujivunia mbele ya wageni.

Fundi aliingia humo kwa mkono wa shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa mifumo. Jina la Fundi alipewa kazini na likamkaa, maana mwanamke yule hakuwa mtu wa porojo. Wenzake wakipiga soga kwenye korido, yeye yuko chumba cha seva na sweta lake zito, masikio yamezoea mvumo wa feni, anahangaika na nyaya.

Kwa miaka mingi kampuni ilikuwa mpangaji. Taarifa zote za wateja, nani anaumwa nini na nani kalazwa wapi, zilikaa kwenye mitambo ya kampuni ya ng'ambo, na mwenye nyumba huyo alipandisha kodi kila alipojisikia. Shemeji ndiye aliyesema imetosha. Tumpe haki yake, wazo lilikuwa zuri: kampuni ijenge wingu lake yenyewe, yaani ghala lake la taarifa, kwenye seva zake, ndani ya jengo lake, kwa programu huria. Programu ya namna hiyo unaichukua bure, unaona ndani yake, unaibadilisha upendavyo, na mafundi wa dunia nzima wanaitunza kwa pamoja. Likigundulika tundu ambalo wezi wanaweza kupenyea, wanashona kiraka na kukitoa kwa wote.

Fundi aliijenga kazi ile kwa mapenzi. Mambo yakaenda vizuri mpaka wakuu wa idara walipoona kwamba mtu anaweza kujitengenezea seva mpya kwa kubofya tu, bila kumwomba mtu ruhusa. Wakaruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Seva bila idhini? Na sisi tunakaa hapa kufanya nini?

Shemeji akamfuata chumba cha seva. Ilibidi wasogeleane ndipo wasikizane.

"Shemeji, wanataka idhini zao. Wote watatu."

"Watazipata. Nitawajengea mlango wa pembeni, ombi lipitie huko kwanza. Nipe miezi kadhaa."

"Miezi? Uzinduzi ni wiki ijayo, wageni wameshaalikwa. Ziweke humo humo ndani."

Fundi akatikisa kichwa. "Tukiichana tumbo programu yenyewe, haitakuwa tena ile ya wenzetu. Siku wakitoa kiraka, kwetu hakitashika. Tutabaki peke yetu."

"Kiraka cha nini na kitu chenyewe kipya? Wewe weka. Mimi nipo, likitokea lolote nitasimama."

Hayo aliyasema kwa kinywa chake, na hapakuwa na mtu wa tatu. Fundi akaweka. Akaingia ndani kabisa ya programu, akakata hapa, akaunga pale, akazipachika idhini za wale waheshimiwa mahali ambapo hazikustahili kukaa. Siku ya uzinduzi watu walipiga makofi mpaka viganja vikauma, na shemeji akavikwa kilemba cha ukoka akakipokea kwa mikono miwili.

Haukupita mwaka, mafundi wa dunia wakatangaza tundu, na si tundu dogo. Kiraka kilikuwa tayari. Fundi alikijaribu pembeni, kikakataa. Akamwambia shemeji wazi kwamba kwanza zile idhini ziondolewe ndani ya programu, kisha kiraka kiwekwe. Shemeji hakuwa na ubavu wa kuwaambia wakuu hivyo. Akaamuru kiwekwe hivyo hivyo, huenda Mungu akajalia. Mungu hakujalia. Asubuhi nzima mfumo ulilala. Wagonjwa walisimama kwenye madirisha ya hospitali na kadi zao mkononi, na kadi hazikusoma. Mzee mmoja aliyekuwa aanzishiwe dripu aliambiwa arudi nyumbani. Ilibidi Fundi akitoe kiraka ndipo mfumo uamke, na tundu likabaki wazi.

Mkurugenzi aliita kikao siku hiyo hiyo. Aliuliza swali moja tu: nani aliyeichokonoa programu?

Shemeji akakohoa, akanywa maji, akaweka glasi chini taratibu. "Fundi alifanya kwa utashi wake," akasema. "Mimi nimejua leo."

Fundi alimtazama, na shemeji akajitia anasoma simu. Ulimi wa Fundi ulikuwa tayari kusema; tatizo ni kwamba nyuma ya mtu yule alimwona dada yake, na nyumba ya dada yake, na watoto waliokuwa wakimwita mama mdogo. Akafikiri, huyu atayarekebisha baadaye kimyakimya, si ni ndugu? Akanyamaza. Jumba bovu likamwangukia yeye. Kabla ya jioni alikuwa nje ya geti na sweta lake kwenye mfuko wa plastiki.

Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni simu ya dada yake usiku ule.

"Mume wangu alikushika mkono ukiwa huna mbele wala nyuma," dada alisema. "Leo umemvua nguo mbele ya watu. Usije kwangu. Watoto wangu usiwapigie."

 Fundi angesema nini? Muulize mumeo? Kwa hasira ile dada angeona anatupa matope tu. Miezi ikapita. Akapata vibarua vya hapa na pale, kufunga mitandao kwenye maduka, kutengeneza printa za shule. Mpwa wake alitimiza mwaka mwingine wa umri wake, naye akaiona keki kwa picha tu, kwenye simu ya jirani wa dada. Siku hiyo alilia mpaka akajishangaa.

Na kule kwenye kampuni mambo yalizidi kwenda mrama. Walileta wataalamu wenye suti kali, wakafungua programu, wakashika tama. Programu ilikuwa ya dunia nzima. Ile yao ilikuwa ya mtu mmoja tu, na huyo mtu walikuwa wamemfukuza. Walimkimbia mwenye nyumba wa ng'ambo wakajitengenezea mwingine kwa mikono yao, halafu wakamfungia nje. Ndipo zikaja habari kwamba kampuni nyingine ya bima imeingiliwa kupitia tundu lile lile, na magonjwa ya watu yamemwagwa mtandaoni kila mtu ayasome.

Jumamosi hiyo shemeji akapiga hodi.

Fundi alimkaribisha kiti. Hakumpa hata maji. Shemeji alikuwa amekonda, shati limemlegea shingoni.

"Shemeji, nakuomba. Hao watu wanaweza kuingia kwetu hata leo. Ni wewe tu unayejua ulikata wapi. Wakuu wamekubali idhini zao ziondolewe. Taja unachotaka."

"Mwambie dada."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Shemeji akainamisha kichwa, akazungusha pete kidoleni. Alianza kueleza kwamba si wakati mzuri, kwamba dada ana presha, kwamba atamwambia taratibu.  Mwishowe akatoa simu, akapiga, akaiweka mezani ikiwa na sauti wazi.

"Mke wangu, niko kwa mdogo wako," alisema. "Ile kazi... ni mimi niliyemwambia afanye. Alinikataza. Mimi nikalazimisha, halafu kikaoni nikamsingizia."

Shemeji akachungulia simu kuona kama bado iko hewani.

"Usiku ule nilipompigia kumtukana," dada akasema polepole, "nilikuwa sina salio. Wewe ndiye uliyenipa simu yako."

"Ndiyo."

"Ukakaa hapo ukanisikiliza mpaka mwisho."

"Ndiyo."

"Mpe mdogo wangu."

"Nakusikia, dada," Fundi akasema. 

"Mdogo wangu, nisamehe." Dada alikuwa analia. "Usiende. Umenisikia? Usiende kuwasaidia hao, wala huyo aliyekaa mbele yako. Waache waumbuke, wajue ulivyoumia. Njoo nyumbani. Njoo sasa hivi, watoto wanakuulizia kila siku."

Kwa miezi yote ile Fundi alikuwa ameyangoja maneno hayo, njoo nyumbani. Alifumba macho ayasikie vizuri. Alipoyafumbua, shemeji alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri hukumu.

"Nitakuja, dada, lakini si leo," akasema. "Humo ndani ya mfumo wamo watu. Magonjwa yao yote yamo. Na ile operesheni yako, ambayo mama hadi leo hajui, nayo imo."

 Simu ikakatika upande wa dada.

Fundi akatoa sweta kabatini, akafunga mlango. Shemeji alimtangulia garini akamfungulia mlango wa mbele, kama alivyozoea siku zile walipokuwa wakienda kazini pamoja. Fundi akaufunga, akaingia kiti cha nyuma.