Mstari wa Mama Mzazi

Kumwonea mtu gere kwa nguo zake, kwa umbo lake, hata kwa mchumba wake, hayo yapo na yanaeleweka. Lakini kumwonea gere kwa sababu wazazi wake wamekufa, hilo Dada hakumwambia mtu. Alilimeza, likamkaa kooni.

Dada ndivyo alivyoitwa na nyumba nzima. Alikuwa na jina lake zuri tu, lakini siku mama yake mdogo alipofariki, na mtoto wake wa miaka mitatu akaletwa pale na kifurushi cha nguo, jina hilo likafa kifo cha kimyakimya. Alimzidi yule mtoto miezi minne, basi akawa Dada. Mtoto mwenyewe mama yake Dada alimpa jina la Sukari, na utamu wote wa nyumba ukahamia huko. Sukari alilala ubavuni kwa mama, Dada akasogezwa ukutani. Sukari akilia alibembelezwa, Dada akilia aliambiwa, "Nyamaza, wewe mkubwa." Miezi minne, jamani! Ukubwa gani huo?

Sasa wote wawili walikuwa wamemaliza shule na kupata nafasi chuo kimoja, Dada akasomee ufamasia, Sukari ualimu. Mama alikuwa fundi wa mapazia. Cherehani yake iliwalisha, ikawavisha, ikawasomesha mpaka hapo, na hapo ikagota. Kilichobaki ni kuomba mkopo wa masomo serikalini. Asiyepata mkopo haendi, habari ndiyo hiyo.

Na utaratibu wa mkopo ulikuwa hivi: aliyefiwa na wazazi wote wawili, akiambatanisha vyeti vya vifo, anapewa mkopo mzima bila maneno mengi. Wengine wanapimwa kwa kipato cha wazazi. Baba yake Sukari alikufa hata kabla ya mkewe. Baba yake Dada alikuwa hai, tena hai mno: dereva wa malori ya kampuni kubwa, mwenye mshahara unaoonekana kwenye kompyuta za serikali, mke mwingine, watoto wengine, na simu isiyopokelewa. Nyumbani hakuwapo, kwenye fomu alikuwapo. Kuna siku Dada aliwaza kwamba baba huyo angemfaa zaidi akiwa kaburini, kisha akashtuka na kuomba toba haraka haraka.

Siku ya mwisho ya maombi walikwenda kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Foleni ilifika barabarani. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alikuwa amechoka kujaza fomu za watoto wa watu, kwa hiyo aliyejua kompyuta aliachiwa ajihudumie. Dada alijua. Alijaza yake kwanza, akaituma, kisha Sukari akavuta kiti na bahasha yake ya vyeti mapajani.

"Jina la mama mzazi," Dada alisoma.

Sukari akataja jina la mama. Majina yote matatu.

Dada akamgeukia. "Wanataka aliyekuzaa."

"Najua wanachotaka. Niandikie Mama tu. Nikimwandika yule, wataniuliza yuko wapi, nibonyeze 'amefariki'. Sitaki, Dada. Hata sura yake siikumbuki. Mama ninaye."

"Na cheti chake?"

"Nitaweka cha baba. Kimoja kinatosha, au siyo?"

Hakikutosha. Dada alikuwa ameyasoma maelekezo yale mpaka akayajua kwa moyo, na kilichomsomesha ni gere. Aliyefiwa na mzazi mmoja, na wa pili yupo na ana kazi ya mikono, anatupwa kwenye foleni moja na wengine wote, na Sukari angekosa. Ilihitajika sentensi moja tu kumwambia. Ilimfika ulimini, akaimeza.

"Kinatosha," alisema.

Na tusidanganyane, alisikia raha. Tukose wote, aliwaza. Kama ni kukaa nyumbani kukunja mapazia, tukae wote, na hapo tutaona nani sukari na nani chumvi.

Akaanza kuandika. Jina la kwanza la mama, la pili, la tatu. Kazi: fundi wa mapazia. Uhusiano: mama mzazi. Kisha akanyanyua macho, akaliona jina la mama yake limekaa chini ya picha ya Sukari, sawasawa na lilivyokaa chini ya picha yake mwenyewe muda mfupi uliopita. Ubavu wa mama ulishachukuliwa, na sauti ya upole, na paja. Alibakiwa na kitu kimoja, kwamba tumboni alikaa yeye. Na hicho nacho alikuwa anakitoa kwa vidole vyake.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Huyu ni mama yangu!" Foleni nzima iligeuka. "Yangu mimi! Umemchukua ubavu, umemchukua maneno yote matamu, sasa unataka na tumbo lake? Wako alikufa. Yumo humo kwenye bahasha. Mtoe!"

Mwenye duka alivua miwani. Dada alitegemea Sukari alie, maana kulia alikujua sana, lakini Sukari hakulia. Alifungua bahasha, akatoa cheti kilichochakaa kwenye mikunjo, akakilaza mwenyewe kwenye kioo cha mashine na kukinyoosha kwa kiganja.

"Andika," alisema.

Dada akafuta, akaandika jina la marehemu, akabonyeza panapobonyezwa. Penye mlezi akaweka jina la mama, na uhusiano: mama mkubwa.

Majibu yalipotoka, Sukari alipata mkopo mzima. Dada hakupata kitu; mzazi ana kipato, waliandika. Mwenye duka naye alishamsimulia mama kisa kile, kwa upande alioujua yeye, kwamba mtoto mmoja alitaka kuiharibu fomu yake na mwenzake akamzuia. Mama akawa hana habari nyingine kwa wateja.

"Mwanangu ana moyo, nyie! Mwingine angenyamaza, wakose wote."

Dada aliinamia pindo la pazia. Sifa zile zilimchoma kuliko kukosa mkopo. Usiku mmoja alilia kwa wivu mtupu, na asubuhi mama akamwongezea chai, akidhani ni uchovu.

Kitu kimoja mama hakukiona, ila Dada alikiona: tangu siku ile Sukari hakumwita mama kwa jina lolote. Akimtaka, alimfuata alipo, akasimama karibu, ndipo akasema shida yake.

Siku ya safari alitokea mlangoni na begi. Mama alikuwa kwenye cherehani, anamalizia pazia dogo la bweni. Sukari alipiga magoti kama ilivyo adabu.

"Mama mkubwa, mimi naondoka. Nakushukuru kwa malezi."

Cherehani ikasimama.

"Umeniitaje?"

"Mama mkubwa," Sukari alirudia, kwa upole, bila kinyongo, kama mtu yeyote anavyomwita dada wa mama yake. Akainuka, akambusu shavuni, akalichukua pazia lake na kutoka.

Mama alimgeukia Dada. "Mtoto huyu nani kamfundisha kuniita hivyo? Nimemkosea nini?"

Dada aliokota nyuzi sakafuni. Mama alikuwa wake peke yake sasa, kama alivyotaka, na alikuwa amekaa mbele yake akimlilia mwingine.