Mume Wangu, Feni na Shavu la Roboti

Mume wangu ni mpima macho. Kutwa nzima kazini anambadilishia mtu vioo na kumuuliza kwa upole: hii au hii, ipi unaona vizuri zaidi? Mtu akijibu, yeye anakubali na kuandika. Upole huo akifika nyumbani anauvua mlangoni pamoja na viatu. Hapa haulizi mtu, anatoa maoni.

Anaunga roboti za plastiki kwa burudani, na ana maoni kwamba roboti iliyoungwa bila kupigwa msasa ni sawa na mtu aliyetoka nyumbani bila kunawa uso. Ana maoni kwamba maji na umeme havipikiki chungu kimoja, kwa hiyo anayepoza kompyuta yake kwa mipira ya maji anautafuta msiba kwa mikono yake. Kuhusu filamu za mashujaa, anasema shujaa anayevua kofia ya chuma katikati ya vita, ili sisi tumwone mwigizaji sura, anastahili kila kipigo anachopata. Mama yangu mzazi alikuja kututembelea akaziita roboti zake midoli, akapewa somo la saa nzima akiwa bado kasimama na mkoba mkononi. Maskini alikuwa anauliza tu alale wapi, maana chumba cha wageni kimejaa majitu ya plastiki yenye mapanga, na kitandani pametandazwa miguu inayosubiri kukauka rangi.

Mtu pekee aliyeweza kubishana naye hadi mwisho ni rafiki yake, fundi kompyuta mwenye kibanda nyuma ya duka la viatu. Tunamwita Feni, kwa sababu umpelekee kompyuta yenye ugonjwa wowote ule, kwanza atalaumu feni. Halafu, kwa maajabu ya dunia, Feni huyo huyo ndiye mtetezi mkubwa wa kupoza kwa maji. Kila Jumamosi, mume wangu akishatoka kazini, alikuwa anakuja kwangu na kikoba chake cha koleo na bisibisi, wanakaa mezani, mmoja anakata vipande vya roboti kutoka kwenye fremu yake na mwingine anaviunga, na midomo haifungwi. Walikuwa na sharti lao: boksi jipya la roboti halifunguliwi mpaka wote wawili wawepo. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba meza yangu ya kulia imegeuzwa karakana. Sikujua kama naringa.

Ugomvi ulianzia kwenye filamu. Tulikwenda watu watatu, mimi nimekaa upande mmoja wa mume wangu, Feni upande wa pili. Ilikuwa ya yule shujaa wa chuma ambaye ameokoa kila mji isipokuwa nyumba yao. Karibu na mwisho anafika hospitali kumwona baba yake, anakuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi. Anasimama pale na chuma chake, machozi yanamshuka juu ya shavu la bati. Feni alikuwa amemzika baba yake muda si mrefu, na kila mtu mtaani anajua kwamba mzee alifariki yeye akiwa bado njiani kwenda kumwona. Nikamsikia anapenga. Nikageuka, nikaona mabega yanamtikisika.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Gari langu la kufundishia lina breki ya pili upande wangu, na miaka yote hii imeniokoa na mengi. Mle sinema, mume wangu alipovuta pumzi ya kutoa maoni, mguu wangu uliitafuta ile breki chini ya kiti. Haikuwepo. Akasema, kwa sauti ambayo watu wa mbele waligeuka, kwamba hayo machozi yamechorwa ovyo, kwamba maji juu ya chuma hayashuki mstari mmoja hivyo, yanakatika, na aliyechora hajawahi hata kuosha gari. Feni akainuka, akapita juu ya miguu ya watu, akatoka. Hakurudi.

Nyumbani nilimwambia mume wangu akaombe radhi. Akaniuliza radhi ya nini, ya maji? Akasema kama Feni ana hoja kuhusu maji aje nayo, yeye yuko tayari. Aliyasema yote hayo akiwa ananiangalia kifuani, kwenye kifungo cha blauzi. Mtu anayelipwa kuangalia watu machoni.

Jumamosi ikaja bila Feni, na nyingine, na nyingine. Mwanzo maoni yote yakanigeukia mimi. Nakaanga mayai, nyuma yangu naelezwa kiasi halali cha ile krimu ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa ya kompyuta isipate moto, kwamba ukizidisha ni uchafu na ukipunguza ni uuaji. Napiga pasi, naelezwa kosa la pasi. Nikawa nabaki kazini hata baada ya wanafunzi kuondoka, nakaa garini nasikiliza ukimya.

Kisha maoni yakaisha, na hapo ndipo nilipoogopa. Tulikuwa tunaangalia televisheni, shujaa akapita angani na shuka mgongoni, jambo ambalo mume wangu hulipinga kwa nguvu zote kwa sababu shuka litanasa. Sikumsikia hata kuguna. Juu ya kabati kulikuwa na boksi kubwa, roboti kubwa kuliko zote, waliyoichangia yeye na Feni na kuiweka mpaka wapate wasaa. Alikuwa anaishusha, anaifuta vumbi, anairudisha. Asubuhi moja akanywa chai, akasema polepole kwamba ameamua kuzigawa roboti zote, boksi lile pia, na chumba cha wageni kiwe cha wageni. Nilikiombea chumba kile tangu tuhamie. Siku hiyo mwili ulinisisimka kwa baridi, kwa sababu niliona mume wangu anazeeka mbele yangu na kikombe mkononi.

Nikajisemea: hawa hawataunganishwa na maneno, wanayo mengi mno. Hawa wataunganishwa na hasira. Wakipata kitu kibaya cha kukasirikia pamoja, watasahau kukasirikiana.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, mume wangu bado hajatoka kazini, nililishusha boksi na kulifungua.

Niliiunga roboti ile kwa makusudi ya kuua mtu kwa presha. Mkono wa kulia nikauweka kushoto. Kichwa nikakigeuza kitazame nyuma. Msasa sikuugusa. Stika za namba nikazibandika miguu juu. Kisha nikaleta rangi yangu ya kucha, ile nyekundu, nikampaka kifuani na kwenye pembe za kichwa. Nilihakikisha hakuna gundi hata tone, vipande vyote vinabana na kubanduka, ili wakishamaliza kunitukana wavitenganishe na kuanza upya kwa raha zao. Rangi nayo ningeitoa. Mimi natoa rangi kwenye kucha kila wiki, inanishinda nini?

Nikapiga picha, nikamtumia Feni: “Shemeji, nimemsaidia rafiki yako kuunga lile boksi lenu. Naona imetoka vizuri.”

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini: “Usiguse kitu. Nakuja.”

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Halafu nikaona tone la rangi limedondokea usoni, karibu na jicho. Nikasema hapana, uso nimwachie jamani, tusizidishe. Nikachukua pamba, nikamimina ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikabonyeza.

Tone likatoka. Na shavu likatoka nalo. Dawa ilishuka kutoka chini ya jicho hadi kidevuni, na kila ilipopita plastiki ililainika na kunyauka. Nilipojaribu kuipangusa, alama ya kidole changu ikabaki pale. Kuna mwanafunzi aliwahi kuniingiza mtaroni nikiwa nimefunga mkanda, sikuogopa vile. Kitu pekee ambacho watu hawa wawili walikuwa bado wanakimiliki pamoja, nimekichoma uso.

Walifika getini kwa pamoja, mmoja anatoka kazini, mwingine na kikoba chake, kila mmoja akijifanya mwenzake ni nguzo ya umeme. Wakaingia hadi mezani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hawakupiga kelele. Mume wangu aliangalia mikono iliyobadilishwa, kichwa, zile stika, na kila alipohamisha macho alivuta pumzi na kuiachia bila neno. Kisha akaiinua, akaisogeza usoni kama anavyosogelea jicho la mgonjwa.

“Umetumia nini?” akauliza.

Nikasema dawa ya kucha. Nikasema nilitaka mje mgombane na mimi, basi, uso sikuukusudia. Na hapo sikuwa naigiza.

Wale wanaume wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu sinema. Feni akaipokea roboti, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, kwa kunung'unika, kwamba ukiangalia vizuri inaonekana imetoka vitani. Mume wangu akasema jeraha la vita halikai hivyo, lingekuwa na kingo kali. Feni akasema inategemea ni vita gani. Mume wangu akasema plastiki hii imeyeyuka, haikupigwa. Nikavuta kiti nikakaa, nikamshukuru Mungu kwa maoni.

Mume wangu akaichukua tena. Akawa anapitisha kucha ya kidole kidogo kwenye ule mfereji wa shavuni, kutoka jichoni hadi kidevuni. Ulikuwa mstari mmoja, umenyooka, haukukatika popote.

“Umeshuka mstari mmoja,” akasema.

Feni akainama kuuangalia.

“Nilikuona unalia,” mume wangu akasema. Bado alikuwa anaitazama roboti. “Nilijua unamlilia mzee. Nikakosa la kukwambia, nikasema la maji.”

Alipomaliza akainua macho, akamwangalia Feni usoni, na akabaki hapo hapo. Kwa mume wangu hilo ni jambo zito kuliko kuhama nyumba. Feni alikuwa ameishika koleo yake bila kuwa na kitu cha kukata.

“Najua,” akasema. “Lakini yale machozi yalichorwa ovyo kweli. Na bado nililia.”

Mume wangu akamsogezea kiti. Wakaanza kubishana kama kichwa kigeuzwe mbele au kwanza waangalie shingo, na mimi nikaenda jikoni nikafunga mlango na kitasa, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka mtu aje kunipa maoni namna yanavyoshuka.